Kasha la wagonjwa: nani anatia feza, nani anachunga?



Katika mkutano wetu wa mwisho tuligawanyika, na wengi walirudi nyumbani na kasirani. Neno lilikuwa kasha letu la wagonjwa. Kundi moja lilisema tuongeze mchango wa kila mwezi, kwa sababu wamama wetu wawili walibakishwa hospitalini kisha kuzaa, mpaka ndugu zao walipomaliza kulipa. Hospitali hatuitaji hapa. Kila mtu anajua kama jambo hilo linafanyika pahali pengi. Kundi la pili likajibu: "Serikali ilisema kuzaa ni bure. Sisi tulipe tena ya nini?" Hapo mzee mmoja akasimama na fimbo yake, akauliza: "Hiyo bure, nani anailipa? Na nani anaangalia kama imelipwa?"

Hakuna aliyemjibu. Kamati ikaniomba niandike kidogo juu ya swali lile, kusudi tukikutana tena tusipigane kwa maneno ambayo hatujui yanatoka wapi. Nimeona kama swali la mzee lina umri mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Tangu wakati wa Wabeleji, katika inchi yetu ya Beni na Lubero, matunzo yamekuwa na baba wengi: kampuni, misioni, serikali ya Kinshasa, waasi, mashirika ya wageni, na leo jimbo. Kila mmoja alileta kitu. Mugonjwa maskini ndiye hakupewa nafasi ya kuuliza hesabu.

Wakati wa Wabeleji: mwenye bwana alitunzwa

Tuanze na kampuni. Wababu wetu waliofanya kazi ya zahabu kule Manguredjipa na Lutunguru, kwa kampuni iliyoitwa Minière des Grands Lacs, walipewa dawa na kampuni. Haikuwa huruma. Sheria ya koloni ilimlazimisha mwenye kuajiri kumtunza mufanyakazi wake, na mgodi wenyewe ulitaka mikono yenye nguvu. Aliyekuwa na bwana aliandikwa katika buku na akatunzwa. Aliyebaki shambani na mihogo yake alingoja misioni, ama alingoja gari la serikali lililopita kupima malale na magonjwa mengine ya kuambukiza. Gari hilo nalo halikuuliza ruhusa: watu walipangwa mstari, walihesabiwa, walichomwa sindano.

Misioni ilifika karibu na watu. Mapadri wa Assomption waliingia inchi ya Beni-Lubero tangu mwaka 1929. Kule Oicha, munganga mmoja Mmarekani wa misioni ya Kiprotestanti, Carl Becker, alifika mwaka 1934, akajenga hospitali katikati ya msitu pamoja na kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Wazee wa Oicha wanalitaja jina lake mpaka leo. Lakini tuone vizuri: hospitali kubwa kama ile iliishi kwa sadaka za watu wa mbali na kwa nguvu za munganga mmoja. Haikuwa haki iliyoandikwa. Ilikuwa neema.

Serikali ya koloni ilijaribu pia. Mwaka 1930 ilianzisha FOREAMI, mfuko wenye jina la malkia Elisabeth, ambao kazi yake ilianzia mbali na sisi, Kongo ya Chini. Mwaka 1947 ikaweka mfuko mwingine kwa ajili ya watu wa vijiji. Kisha ukaja mpango wa miaka kumi, 1949 mpaka 1959, uliotaka kila teritwari iwe na kituo kikubwa cha matunzo na upasuaji, na zahanati ndogo ndogo kukizunguka. Kongo ya Wabeleji ikasifiwa kuwa na matunzo mazuri kuliko makoloni mengi ya Afrika. Sifa ile ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini kulikuwa na kasoro: kati ya Wakongomani wote hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kusomea udaktari kamili mpaka mwisho kabisa. Tulitunzwa, lakini hatukushika ufunguo.

Mwaka 1958, tarehe 15 Aprili, miaka miwili mbele ya uhuru, Wabeleji walitia sahihi dekreti juu ya vyama vya kusaidiana, ambavyo kwa Kifaransa tunaviita mutuele. Shikeni tarehe hii, kwa sababu dekreti ile ilibaki ndiyo sheria yetu ya mutuele kwa karibu miaka 60. Marais walibadilika, jina la inchi likabadilika, bendera na feza zikabadilika, lakini chama cha maskini kilichotaka kutunza wagonjwa wake kiliendelea kusimama juu ya karatasi ya mkoloni.

Zoni za afya: wazo zuri, mfuko mtupu

Kisha uhuru, mwaka 1961, serikali ilianzisha INSS, mfuko wa usalama wa jamii. Uliwashika wenye mshahara: pensheni, ajali za kazi, posho ya watoto. Ugonjwa wa kawaida ulibaki juu ya mwenye kuajiri, sawa vile ilivyokuwa zamani, na Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inasema hivyo hivyo: mwajiri amtunze mufanyakazi na familia yake. Mwenye kulima kahawa kule Kyondo, mama anayeuza makala Katwa, kijana wa pikipiki, hakuna aliyemwandika. Na sisi huku, tuliotoka kambini ama katika familia zilizotupokea, ni wangapi wetu wenye mwajiri? Njo maana ninasema historia hii ni yetu.

Mwaka 1978 mawaziri wa dunia walikutana Alma-Ata, wakakubaliana kama matunzo ya msingi yamfikie kila mtu. Zaire haikungoja sana. Katika miaka ya 1980 inchi iligawanywa kwa zoni za afya 306. Mpango wake wengi tunauona kila siku bila kuufahamu, kwa hiyo nauelezea. Zoni ina ofisi kuu, na munganga mkubwa wa zoni akiiongoza. Ina hospitali kuu, na vituo vya afya vinavyozunguka, kila kimoja na eneo lake. Kila eneo linapaswa kuwa na kamati ya wakaaji, tunayoiita CODESA, yenye haki ya kuketi na muuguzi na kuangalia mambo ya kituo: dawa zilizoingia, feza zilizotoka, watu waliokosa matunzo.

Jambo la akili katika mpango huu lilikuwa kwamba serikali haikusema "hospitali zote ni zangu". Hospitali ya misioni iliweza kuwa hospitali kuu ya zoni. Kanisa lilifanya kazi, serikali iliandika kanuni na kusimamia. Kwa inchi kubwa yenye barabara mbaya, hiyo ilikuwa njia ya kweli. Inchi nyingi za Afrika zilikuja kujifunza kwetu.

Lakini kusimamia kunataka mafuta ya pikipiki, karatasi, na mshahara. Miaka ya 1990 ilipofika, wageni waliondoa misaada yao, Kinshasa iliporwa mwaka 1991 na tena 1993, na feza ya Zaire ikayeyuka mkononi. Mishahara ya waganga haikufika tena. Hapo kikatokea kitu ambacho kinaendelea kutuuma: feza zikaanza kupanda badala ya kushuka. Mugonjwa analipa kituo. Kituo kinatoa sehemu kwa ofisi ya zoni. Na ofisi za juu nazo zinangojea sehemu yao. Kwa hiyo mwenye kusimamia alianza kulishwa na yule anayesimamiwa. Mtu atamkemea vipi muuguzi anayepandisha bei, ikiwa chakula chake mwenyewe kinatoka katika bei ile?

Mfano mmoja wa kwetu unatufundisha njia nyingine. Kule Bwamanda, kaskazini-magharibi ya inchi, hospitali ya zoni ilianzisha bima mwaka 1986. Kila mtu wa familia alitoa kiasi kidogo mara moja kwa mwaka, na wakati wa kutoa ulichaguliwa vizuri: wakati watu wanauza mavuno, feza ziko mkononi. Akilazwa, kasha lilibeba sehemu kubwa, yeye akabakiwa na ndogo. Kwa miaka michache zaidi ya nusu ya wakaaji waliingia. Ilivumilia hata miaka mibaya ya 1990. Kwa nini? Kwa sababu watu waliiamini hospitali ile, walikuta dawa ndani, na walipata jibu walipouliza hesabu. Bima ya hospitali isiyo na dawa ni karatasi tu.

Vita: kila mtu na mfuko wake

Kwetu vita vilileta serikali nyingine. Tangu mwaka 1999 mpaka 2003, Beni na Butembo ziliongozwa na RCD-K/ML. Kinshasa ilikuwa kama inchi ya ngambo. Hospitali zilibaki wazi kwa sababu ya makanisa, mashirika, waganga wasiokimbia, na zaidi ya yote feza za wagonjwa wenyewe. Mnamo Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde, kule Ituri, ilishambuliwa, na zaidi ya watu elfu moja waliuawa pale na kando kando. Waliopona walitembea kwa miguu msituni mpaka Oicha na Beni. Watu wa Oicha waliwapokea. Waganga na wauguzi waliofika mikono mitupu walianza kutunza wagonjwa upya papa hapa kwetu.

Hapa tumheshimu pia aliyejenga mbele ya dhoruba. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza diosezi ya Butembo-Beni kwa miaka mingi mpaka alipohamishiwa Bukavu mwaka 1997, aliona kama Kinshasa haitakuja. Chuo kikuu cha Graben kilifunguliwa Butembo mwaka 1989, na waganga wengi tunaokutana nao leo walipitia pale. Moyo ule wa "tujisaidie wenyewe" ndio uliotuokoa. Lakini una hatari yake, na tuiseme: mtu akizoea kujisaidia, serikali nayo inazoea kulala.

Amani ya Sun City ilipoleta serikali moja, zoni zikachorwa upya, zikafika 515 kwa inchi nzima mwaka 2003. Kivu ya Kaskazini leo ina 34. Mji wa Butembo peke yake una mbili, Butembo na Katwa. Ramani ilipata mistari mingi. Mugonjwa aliendelea kulipa.

Katiba ya 2006: kazi ilipewa jimbo

Sasa tunafika kwa swali la mzee. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kwa kifungu cha 47, inasema haki ya afya na ya chakula imehakikishwa. Kifungu cha 204 kinataja kazi ambazo ni za jimbo peke yake. Ndani yake mnakuta: kuendesha matunzo ya msingi, kupanga matunzo ya hospitali na ya misioni, na kuhakikisha kama sheria za inchi juu ya uganga na dawa zinafuatwa. Maana yake ni hii: Kinshasa inaandika kanuni, jimbo linatenda na linachunga.

Na feza? Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yabaki katika majimbo, yakatwe pale pale yanapopatikana. Watu wa Butembo wanaolipa forodha Kasindi wanajua kama jambo hilo limebaki katika kitabu. Jimbo lilipewa kazi ya baba wa nyumba, lakini pochi ilibaki Kinshasa. Hata ahadi ya marais wa Afrika waliyoitoa Abuja mwaka 2001, ya kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, Kongo haijaifikia.

Sheria mbili zilifuata. Tarehe 8 Februari 2017 ilitoka sheria juu ya mutuele, na dekreti ya 1958 ikapumzika. Kisha tarehe 13 Desemba 2018 ikatoka sheria kubwa ya afya ya watu, iliyoingiza neno la matunzo kwa wote. Kwa hiyo mwenye kusema "hakuna sheria" anadanganya. Sheria iko. Kilichokosekana ni jicho.

Jicho hilo lingekuwa wapi? Katika jimbo lenye amani, bunge la jimbo linamwita waziri wa afya wa jimbo, linamwuliza: feza hizi zilienda wapi? Kwetu, tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, na bunge la jimbo likasimamishwa. Sisemi hapa kama utawala ule ni mzuri ao mubaya kwa vita. Hiyo ni mazungumzo mengine. Nasema tu kama, katika neno la afya, meza ya kuulizia maswali iliondolewa.

Ebola: bure iliyokuja na magari

Hakuna somo lililotuuma kama Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina katika zoni ya Mabalako, na haikumalizika mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 walikufa. Karibu kila kartie ya Beni, Butembo na Katwa ilizika mtu.

Katika zoni kadhaa, kama Beni na Mabalako, serikali na wenye kuisaidia walitangaza matunzo ya bure hata kwa magonjwa mengine, kusudi watu wasijifiche. Wazo lilikuwa la haki. Wamama walioogopa bei walifika vituoni na watoto wenye malaria. Lakini vituo vingi havikuwa tayari, na maambukizo mengi yalitokea ndani ya vituo vyenyewe.

Na watu walijiuliza, wakawa na haki ya kujiuliza. Tangu Oktoba 2014 tulichinjwa katika vijiji vya Beni, na hakuna aliyekuja na magari mia. Watoto walikufa na malaria kila mwaka, na mama alidaiwa feza ya mbele. Leo gonjwa moja linatisha Ulaya, na ghafula kila kitu ni bure? Mwisho wa Desemba 2018 uchaguzi wa rais ukaahirishwa kwa Beni na Butembo, wakasema sababu ni Ebola na usalama. Watu wakaunganisha mambo. Februari 2019 vituo vya matunzo ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, munganga Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na shirika la afya la dunia, aliuawa hapa Butembo akiwa kazini. Tuseme bila kuzunguka: ile ilikuwa haya yetu. Mtu yule alikuja kutusaidia.

Lakini tusiseme pia kama mizizi ilikuwa ujinga wa watu. Mzizi mmoja ulikuwa hesabu. Feza nyingi sana zilipita hapa. Zilikodi nyumba na magari, zililipa watu posho kwa dola. Mambo ya feza za Ebola yalifika mpaka mahakamani Kinshasa. CODESA zetu nyingi hazikuwahi kuonyeshwa karatasi hata moja. Kisha Ebola kumalizika, magari yaliondoka na bure ikaondoka nayo. Mama aliyerudi kituoni aliambiwa tena: "Dawa hakuna, enda ununue ku famasi."

Somo langu ni hili. Bure inayoletwa na hatari inaondoka na hatari. Bure inayobaki ni ile iliyoandikwa katika bajeti, na watu wenyewe wakajua wapi pa kuiuliza.

Majirani na ndugu wa mbali

Ng'ambo ya Kasindi, Uganda iliondoa malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001. Watu wetu wa mpakani wanavuka kwenda Bwera wakiwa na wagonjwa, mnajua. Huko watu walijaa mara moja, na shida iliyofuata ilikuwa dawa kuisha, mugonjwa akitumwa dukani. Bure bila dawa ilirudisha malipo kwa mlango wa nyuma.

Rwanda ilianza mutuele kwa majaribio mwaka 1999, na baadaye ikafanya sheria kila mtu awe na bima. Najua kama kutaja Rwanda leo kunaamsha kasirani, na kila mmoja wetu ana sababu zake. Hata hivyo hesabu ni hesabu. Kule serikali inalipia maskini wa mwisho, na viongozi wa wilaya wanapimwa kwa idadi ya watu walioingia. Hiyo imefikisha bima kwa watu wengi sana. Pia imefanya viongozi wengine kuwabana watu ili wafikishe idadi. Usimamizi mkali bila sauti ya watu nao una maumivu yake.

Ndugu zetu waliopelekwa Marekani kutoka kambi za Uganda wanatuambia juu ya kadi ya Medicaid. Mpango ule ulitiwa sahihi tarehe 30 Julai 1965, kwa ajili ya watu wa mapato madogo. Ukiangalia, umejengwa kama kifungu chetu cha 204, isipokuwa na kitu kimoja zaidi. Kila jimbo la Marekani linaendesha mpango wake, na serikali kuu inarudisha angalau nusu ya gharama, zaidi kwa majimbo maskini. Lakini jimbo linapaswa kwanza kuandika mpango wake, likubaliwe, kisha lionyeshe matumizi. Hakuna hesabu, hakuna feza. Jimbo la Arizona lilikataa kuingia mpaka mwaka 1982, na maskini wake ndio walioumia kwa miaka yote ile. Kwa hiyo hata kule tajiri, mugonjwa anategemea kama jimbo lake lina nia. Tofauti ni kwamba feza na hesabu zimefungwa kamba moja.

Bure ya leo, na serikali iliyo mlangoni

Septemba 2023, rais Tshisekedi alizindua Kinshasa mpango wa matunzo kwa wote, akianza na kuzaa bila malipo na matunzo ya mtoto mchanga. Mpango ulipaswa kuenea jimbo kwa jimbo. Namna yake ni hii: mama halipi, hospitali inaandika, na Mfuko wa Mshikamano wa Afya unailipia hospitali. Kuna pia mamlaka iliyowekwa mbali na mfuko ule, kazi yake ni kudhibiti. Katika karatasi, basi, mzee wetu amepata jibu: mwenye kulipa ni mmoja, mwenye kuchunga ni mwingine. Hilo ni jambo zuri, na ni mara ya kwanza linaandikwa hivyo kwetu.

Lakini fikirini hospitali yenyewe. Imezoea kuishi na feza za wagonjwa tangu miaka ya 1990. Mfuko ukichelewa miezi, mafuta ya jenereta yatanunuliwa na nani? Ndipo mkuu wa hospitali anaanza kuomba mama "kitu kidogo" cha glavu, cha uzi, cha kitanda. Si kila mara ni mwizi. Mara nyingine ni mtu aliyebanwa kati ya tangazo na mfuko mtupu. Njo maana jimbo linapaswa kuwa katikati: kuhesabu vizazi, kupeleka madai, kupiga kelele Kinshasa malipo yakichelewa, na kumwadhibu mwenye kulipisha mara mbili.

Na leo jimbo hilo si mbali. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, serikali ya Kivu ya Kaskazini ilihamia Beni. Zamani, mtu wa Oicha aliyetaka kuuliza jambo kwa gavana alihitaji siku mbili za barabara na usalama wa Mungu. Leo ofisi iko mji wetu. Tumepoteza mengi katika vita hivi, na hakuna anayefurahi kwa sababu za kuhama kule. Ila mlango uko karibu, na itakuwa aibu yetu tusipobisha.

Sasa tufanye nini?

Nitoe mawazo yangu, mkutano utayakata.

Kwanza, kasha letu tusilivunje. Waliosema "kuzaa ni bure" wana haki juu ya sheria, lakini kasha halikuwekwa kwa kuzaa tu. Bure ya leo haishiki mfupa uliovunjika, haishiki upasuaji wa tumbo, wala usafiri wa usiku kutoka Mayi-Moya. Tupange upya: feza zetu ziende kule ambako serikali haijafika, si kulipa mara ya pili kile ambacho imeahidi.

Pili, tufanye kama Bwamanda: mchango utolewe wakati wa kuuza kahawa na kakao, si kila mwezi wakati mifuko imekauka. Na kwa sababu tunakumbuka Zaire iliyoyeyuka, mkutano uamue kama tutahesabu kwa franga ao kwa dola.

Tatu, tujiandikishe kwa sheria ya 2017 tukiweza. Wengine wanaogopa kodi na usumbufu wa ofisi. Naelewa. Lakini chama kisichoandikwa hakiwezi kukata mkataba na hospitali, na mwenye kuiba kasha lake hashtakiwi vizuri. Tukitaka serikali ionyeshe hesabu, sisi tuonyeshe zetu kwanza: sahihi tatu, buku moja wazi, na hesabu inayosomwa mbele ya wote kila mwisho wa miezi mitatu.

Nne, kila mwanachama ajue CODESA ya eneo lake ni nani. Tuombe bei na orodha ya matunzo ya bure vibandikwe ukutani, kwa Kiswahili na Kinande, pahali mama anaona kabla ya kuingia. Aliyelipishwa kitu kilichotangazwa bure aombe risiti, atuletee. Risiti kumi zikikusanyika, tutapeleka barua kwa munganga mkubwa wa zoni. Akinyamaza, kwa ukaguzi wa afya wa jimbo. Barua ya watu mia mbili si sawa na machozi ya mama mmoja dirishani.

Tano, wale wamama wawili. Deni lao limelipwa na ndugu waliouza mbuzi na bati za nyumba. Naomba mkutano ufikirie kuwarudishia sehemu. Tukianza kuzungumza haki za wakesho tukasahau waliolala chini jana, watoto wetu hawatatuamini.

Mzee aliuliza nani analipa na nani anaangalia. Historia yote niliyoandika inasema hivi: waliolipa walikuwa wengi, na kila mara aliyelipa mwisho alikuwa mugonjwa. Wa kuangalia walikuwa wachache, na mara nyingi walikula sahani moja na waliopaswa kuangaliwa. Kazi ya kuangalia haiwezi kuachwa kwa Kinshasa peke yake, wala kwa Beni peke yake. Tulete buku letu mkutanoni, kila mtu na risiti zake. Mzee akae mbele, amekwisha kusimama ya kutosha.